Mkaguzi Anaposema, "Hebu Nifungulie Droo Hiyo"

Maneno haya niliyasema Reading, mbele ya Waswahili wenzangu tunaofanya kazi za afya na za kutunza wazee huku England. Nimeyanyoosha kidogo ili yasomeke, na utani wa watu wa Tanga dhidi ya watu wa Mombasa nimeuacha ukumbini.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu shikamooni. Wadogo zangu mliojificha viti vya nyuma, marahaba, ingawa sijasikia mkiniamkia. Najua humu ndani kuna waliotoka zamu ya usiku wakaja moja kwa moja bila kupitia kitandani. Nitajitahidi msisinzie, japo mada niliyopewa ina usingizi wake: ukaguzi wa ubora wa huduma katika kliniki ya meno.

Mwenyekiti aliponipigia simu nilimuuliza, "Mbona meno? Watu wako wengi wako kwenye nyumba za wazee." Akaniambia ndiyo maana amenitafuta. Mkaguzi anayekuja kwenye nyumba ya wazee unayofanyia kazi, na yule anayekuja kwenye kliniki ninayoisimamia mimi, wametumwa na tume moja, CQC, tume ya kukagua ubora wa huduma za afya na za matunzo, na sheria waliyoishika mkononi ni moja, ile Sheria ya Afya na Huduma za Jamii ya 2008. Basi nikitaja otoklevu, ile mashine ya kutakasia vyombo kwa mvuke, wewe sikia kabati la dawa. Nikitaja kiti cha meno, wewe sikia kitanda cha bibi wa chumba namba saba. Mtaona tunazungumza jambo lile lile.

Nianze na machache ya msingi, haraka haraka. CQC ni ya England peke yake. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini wana vyombo vyao. Ilianza kazi 2009, na kliniki za meno zikaingizwa chini yake Aprili 2011. Tangu hapo, kuendesha kliniki ya meno England bila kusajiliwa CQC ni kosa la jinai, uwe unatibu wagonjwa wa NHS, yaani huduma ya afya ya serikali, au wa kulipa mfukoni. Maswali yao ni matano, na hayajabadilika kwa miaka: huduma ni salama? Inaleta matokeo? Wahudumu wana utu? Inafuata mahitaji ya watu? Inaongozwa vizuri?

Tofauti yetu na nyie wa nyumba za wazee ni kwamba nyie mnapewa daraja, na daraja hilo lazima libandikwe mahali mgeni ataliona. Sisi wa meno hatupewi daraja. Ripoti yetu inasema tu kanuni zimetimizwa au hazikutimizwa, na hatua gani inafuata. Kwa hiyo ukikutana na kliniki ya meno inayojitangaza kwamba CQC imeipa daraja la juu kabisa, uliza vizuri.

Jambo jingine: kwa miaka mingi mpango wao umekuwa kutembelea takriban asilimia 10 ya kliniki za meno kwa mwaka. Pigeni hesabu wenyewe. Kuna kliniki inaweza kukaa miaka mingi bila kumwona mkaguzi mlangoni. Nimekutana na wenye kliniki wanaochukulia hiyo kama habari njema. Mimi inanitia wasiwasi, na mkinivumilia mtaona kwa nini.

Sasa siku yenyewe inakuwaje. Kwa kawaida unapata taarifa wiki mbili kabla, labda iwe kuna malalamiko, hapo wanaweza kuja bila hodi. Wanakuja wawili: mkaguzi wa tume, na mshauri wake ambaye ni mtu wa meno, mara nyingi daktari. Mkaguzi huketi ofisini na mafaili. Mshauri ndiye wa kumwogopa. Yule anajua mahali ambapo sisi watu wa meno huficha vitu, kwa sababu naye amewahi kuvificha.

Atakwenda moja kwa moja kwenye chumba cha kutakasia vyombo. Wale msiowahi kukiona, ni chumba kidogo, mara nyingi hakina dirisha, na ndani yake kuna safari ya upande mmoja tu. Vyombo vichafu vinaingia kushoto, vinatoka kulia vikiwa safi, na havirudi nyuma. Hapo mshauri hasomi sera iliyobandikwa ukutani. Anamgeukia nesi wa meno, mara nyingi binti mdogo kuliko wote pale, anamwambia, "Nionyeshe unavyofanya."

Binti anaanza. Amevaa aproni, miwani, barakoa, na glovu nene za kuoshea, siyo zile nyembamba za kumhudumia mgonjwa. Anaosha chombo kikiwa ndani ya maji, kwa brashi yenye mpini mrefu, asirushe matone. Mshauri anauliza, maji yana joto gani? Jibu ni kwamba yasizidi nyuzi 45, kwa kuwa yakizidi hapo damu na mate huganda na kung'ang'ania chuma, na kilichong'ang'ania mvuke hautakitoa. Akimaliza kuosha anaweka chombo chini ya lenzi yenye taa anakikagua, akiona doa anarudia. Ndipo kinaingia otoklevu, nyuzi 134 hadi 137, kwa dakika zisizopungua 3. Kikitoka kinafungwa kwenye pakiti, pakiti inaandikwa tarehe. Chombo kilichofungwa kina mwaka mmoja. Ambacho hakikufungwa na kikabaki chumba cha matibabu, mwisho wake ni jioni hiyo hiyo.

Binti akishamaliza, na akiwa amefanya vizuri, mshauri anatabasamu na kusema maneno ambayo kila nesi wa meno anayajua: "Hebu nifungulie droo hiyo."

Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na huyu bwana anainama. Anavuta droo ya chini kabisa, ile ya koleo za kung'olea magego ya juu ambazo hazijaguswa tangu mwaka juzi. Anatoa pakiti, anaigeuza kwenye mwanga. Tarehe imepita miezi minne. Anatoa nyingine, ndani yake kuna kijiko cha kuchanganyia dawa ya kuzibia jino, na dawa yenyewe imekauka juu yake kama saruji. Kimeoshwa, kimechemshwa kwa nyuzi 134, kimefungwa, kimeandikwa tarehe, na bado kichafu. Hatua zote zimefuatwa isipokuwa moja, ile ya kukitazama.

Nikae hapo kidogo, maana hicho ndicho kilichonileta.

Kuna kliniki moja, sitaitaja wala mji wake, niliitwa niwasaidie kujiandaa. Kila kliniki ya meno huku lazima iwe na boksi la dharura. Mgonjwa anaweza kuzimia, akashikwa na pumu, akapata mzio wa dawa, moyo ukasimama akiwa amelala kwenye kiti mdomo wazi. Kwa hiyo ndani ya boksi kuna adrenalini, aspirini, dawa ya kupulizia chini ya ulimi kwa maumivu ya kifua, ya pumu, ya kifafa, glukosi, na glukagoni ya mwenye kisukari ambaye sukari imeshuka hadi hawezi kumeza. Pembeni kuna mtungi wa oksijeni na mashine ya kushtua moyo. Vyote hivyo vinakaguliwa angalau mara moja kwa wiki na mtu anatia saini.

Sasa glukagoni ina mambo yake. Ukiitunza kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8, inadumu hadi tarehe iliyochapwa kiwandani. Ukiitoa nje ya friji unaruhusiwa, mradi joto lisizidi 25, ila maisha yake yanakuwa miezi 18 tu, na lazima uandike tarehe mpya kwenye boksi lake. Kliniki ile iliichagua friji. Juu ya friji kulikuwa na karatasi ya joto, imejazwa kila asubuhi, mwandiko mzuri, saini kila siku, hakuna siku iliyorukwa. Nikaisoma. Nyuzi 11. Nyuzi 12. Nyuzi 11. Nyuzi 13. Nikageuza ukurasa wa mwezi uliotangulia, 11, 12, 11. Nikamuuliza dada aliyekuwa akijaza, mtu mwangalifu kabisa, "Dada, ukiona 11 unafanya nini?"

Akaniangalia kwa mshangao. "Naiandika."

Msicheke sana. Dada yule hakuwa na kosa. Aliambiwa andika, akaandika. Hakuna aliyemwambia kwamba zaidi ya 8 ni hatari, wala amwendee nani. Na meneja wake, ambaye kazi yake ilikuwa kuisoma karatasi ile mwisho wa mwezi, alikuwa akitia saini chini bila kusoma. Kwa hiyo kliniki ilikuwa na ushahidi wa maandishi, wa miezi mingi, kwamba dawa yao ya kumwokoa mgonjwa wa kisukari haikutunzwa inavyotakiwa. Wangekuwa hawaandiki kabisa, wangeshutumiwa uzembe. Wao waliandika, wakawa wamejiandikia mashtaka.

Nimesoma ripoti nyingi za CQC za kliniki za meno. Ni usomaji wangu wa jioni, mume wangu ameshakata tamaa. Zote ziko wazi kwenye tovuti yao, mtu yeyote anasoma. Zinazoanguka, nyingi hazianguki kwa sababu hazina otoklevu au hazina oksijeni. Zinaanguka kwenye lile swali la tano, la uongozi, kanuni ya 17 ya usimamizi mzuri. Tathmini ya hatari ya moto ilifanyika, fundi akaandika mapendekezo, karatasi ikaingia faili, mapendekezo yamelala humo. Ukaguzi wa ndani wa usafi unatakiwa kila miezi sita, umefanyika, alama 100 kwa 100, na huku sinki lina ufa. Joto la maji limepimwa kwa sababu ya bakteria wa lejionela: maji ya moto yanatakiwa yafike 55, ya baridi yasizidi 20, na wameandika moto 43 kila mwezi tangu Januari. Mtu anaandika na hakuna anayesoma.

Ndiyo maana huwa nawaambia wenye kliniki kwamba ukaguzi hauji kuuliza kama mnajaza fomu. Unakuja kuuliza nani anaisoma fomu, na akiisoma anafanya nini. Ninyi wa nyumba za wazee, karatasi ya kumgeuza mgonjwa kila saa kadhaa, karatasi ya maji aliyokunywa, si ndiyo yale yale? Bibi amekunywa mililita 300 siku nzima, imeandikwa kwa kalamu nyeusi, zamu tatu zimepokezana karatasi hiyo, na hakuna aliyeuliza.

Tuendelee. Mafaili ya watumishi. Hapa sitakaa sana kwa kuwa wengi wenu mmepitia wenyewe: cheti cha polisi, barua za wadhamini, maelezo ya miaka ambayo hukuwa kazini, kitambulisho, na kwa sisi wa meno usajili wa GDC, baraza la wataalamu wa meno, ambao tangu 2008 nesi wa meno pia analazimika kuwa nao. Linalosahaulika ni homa ya ini B. Watu huleta karatasi ya kliniki inayosema amechanjwa mara tatu, wakadhani wamemaliza. Mkaguzi anataka kuona kipimo cha damu kinachoonyesha chanjo imeshika, kwa sababu kuna watu wanachanjwa na mwili haujengi kinga, na mtu kama huyo akichomwa na sindano iliyotoka mdomoni mwa mgonjwa, hatua za kuchukua ni nyingine. Vijana mnaotoka nyumbani na kadi za chanjo, zitunzeni, lakini kipimo mtakifanya tena.

Eksirei kwa ufupi: kila picha iwe na sababu iliyoandikwa na majibu yaliyoandikwa. Picha iliyopigwa bila mtu kuandika ameona nini ndani yake ni mionzi iliyomwagwa bure kwenye kichwa cha mtu. Sheria ya mionzi ya 2017 inasema hivyo kwa lugha ndefu zaidi.

Sasa nije kwa wagonjwa, na hasa wagonjwa wetu sisi.

Lile swali la kufuata mahitaji ya watu lina kipengele ambacho mkaguzi hupenda kukiuliza mapokezi, ghafla tu: "Akija mgonjwa asiyejua Kiingereza mnafanyaje?" Na mapokezi, kwa nia njema, hujibu, "Huwa wanakuja na watoto wao." Wanadhani wamejibu vizuri.

Mama zetu wamezoea hivyo. Anamchukua mtoto wa miaka tisa, anamkosesha shule, anakwenda naye kwa daktari wa meno. Daktari anasema jino hili nikilitoa kuna mshipa wa fahamu chini yake, mdomo unaweza kubaki na ganzi, mara chache ganzi hiyo ya kudumu, unakubali? Mtoto anageuka, "Mama, anasema atang'oa, itauma kidogo." Mama anatia saini. Jamani, hapo ridhaa iko wapi? Mtoto hajui mshipa wa fahamu kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili. Na kuna mambo mama hatayasema mbele ya mwanawe: ujauzito ambao bado ni siri, dawa anazotumia, jino lililovunjika kwa kofi la baba yake mtoto.

Katika huduma za NHS mkalimani ni haki yako na hulipii. Unaweza kumwomba unapoweka miadi. Mara nyingi atakuwa kwenye simu, Kiswahili kipo, na Kisomali kipo kwa jirani zako. Mtoto hatakiwi kutumika. Hili lipelekeni misikitini, makanisani na kwenye makundi yenu ya simu, mahali ambako mama zetu wapo. Kliniki zenyewe hazitalitangaza sana, maana mkalimani hurefusha miadi, na miadi mirefu ni hasara. Naongea kama meneja, nazijua hesabu hizo.

Humo humo kwenye watoto, mtoto akikosa miadi siku hizi hatuandiki kwamba hakuja. Tunaandika hakuletwa. Mtoto wa miaka mitano hapandi basi mwenyewe kwenda kwa daktari wa meno. Akiwa na meno yaliyooza na kila miadi haletwi, kliniki inatakiwa iulize kuna nini nyumbani, na mkaguzi ataomba kuonyeshwa jinsi mnavyofuatilia. Najua wazazi wetu wengine wakisikia hivyo wanaona ni serikali kuingia chumbani. Mimi nimewaona watoto wenye jipu la jino wanaolala wamekaa. Nitakubaliana na serikali kwenye hilo.

Sasa msidhani nimekuja kuipigia debe CQC. Yenyewe imekaguliwa. Mwaka 2024 Dkt. Penny Dash aliandika tathmini kuhusu tume hii, na aliyoyakuta hayakuwa mazuri: ukaguzi umepungua sana kuliko kabla ya korona, mfumo wa kompyuta unasumbua, wakaguzi wenyewe hawana ujuzi wa kutosha wa maeneo wanayokagua. Waziri wa Afya wa wakati huo, Wes Streeting, akasema hadharani kwamba tume haifai kwa kazi iliyopewa. Mnakumbuka nyumbani Tanzania 2015 walipoanza kuvipa vituo vya afya vya msingi nyota, kuanzia sifuri hadi tano? Watu walilalamika sana kuhusu nyota, nani kapewa, nani kanyimwa. Wakaguzi nao huwa na mkaguzi wao, na ni haki.

Lakini hata tume ingekuwa kamili, kuna mambo haitayaona kamwe. Wenye kukaa huku muda mrefu mtakumbuka Novemba 2014, Nottinghamshire, kliniki ya Daybrook. NHS iliwaita takriban watu 22,000 wakapimwe damu, wote waliotibiwa na daktari mmoja kwa zaidi ya miaka 30. Alikuwa hanawi mikono wala habadilishi glovu kati ya mgonjwa na mgonjwa, na vyombo vilivyotoka kwa mmoja viliingia kwa mwingine. Ilijulikanaje? Mtu alitoa taarifa, na kamera ya siri ikamrekodi. Mwaka 2016 baraza likamfuta kwenye daftari la madaktari wa meno.

Fikirini. Miaka yote hiyo. Siku mkaguzi akija, daktari kama huyo atanawa mikono mpaka ngozi ichubuke. Atabadilisha glovu mbele yake mara nne. Mkaguzi ana siku moja, tena mwenye nyumba anajua anakuja. Anayeona siku nyingine zote ni yule anayesimama upande wa pili wa kiti ameshika bomba la kuvuta mate. Ni nesi wa meno. Ni wewe.

Na hapa, ndugu zangu, lazima tuzungumze visa. Wengi humu ndani kazi yenu imefungwa na mwajiri aliyewadhamini. Ukimsema, unaogopa atakuondoa, na ukiondolewa una siku chache za kutafuta mdhamini mwingine, na kule nyumbani kuna ada ya shule inasubiri. Sitawadanganya kwamba woga huo ni wa bure. Sheria ya 1998 inamlinda mfanyakazi anayefichua hatari kwa manufaa ya umma, na haichagui pasipoti. Ila sheria ni jambo moja, na kulipa kodi ya nyumba mwezi ujao ni jambo jingine. Ninachoweza kuwapa ni njia ambayo nimeona inasaidia.

Andika. Siku ile ile, tarehe, saa, ulichokiona kwa macho yako, siyo ulichohisi. "Pakiti haikuwa na tarehe, nikamwambia fulani, akasema tumia tu." Usiandike jina la mgonjwa, na usipige picha ya faili lake, kwa sababu hapo utakuwa umetenda kosa lako mwenyewe na watalitumia kukunyamazisha. Kisha sema kwa mwajiri kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi wa barua pepe, ili iwepo siku uliyosema. Wengi hunyooka hapo hapo. Mwenye kliniki akishajua imeandikwa, friji inanunuliwa Ijumaa hiyo. Asiponyooka, CQC inapokea taarifa kutoka kwa wafanyakazi na unaweza kuomba jina lako lisitajwe. Kama anayekosea ni daktari mwenyewe kama mtu binafsi, basi ni GDC. Na wewe uliyesajiliwa GDC, kumbuka viwango vyao vinasema kusema ni wajibu wako. Ukiona ukanyamaza, siku ikilipuka utaulizwa na wewe.

Mficha uchi hazai, walisema wazee. Kuna dada mmoja, yupo humu lakini hatanisamehe nikimwonyesha kidole, alimwandikia mwajiri wake mistari mitatu kuhusu mtungi wa oksijeni uliopitwa na tarehe. Mistari mitatu tu, kwa adabu, na neno "tafadhali" mara mbili. Mtungi ulibadilishwa. Hakufukuzwa. Mwaka uliofuata ndiye aliyepewa usimamizi wa boksi la dharura, akaongezwa na kamshahara, ingawa anasema kamshahara kenyewe hakaonekani kwa jicho.

Kwa wale wawili watatu walioniambia mlangoni wanataka kufungua kliniki zao: jambo la kwanza usinunue kiti. Kiti kitakuvutia, kinang'aa, muuzaji atakupa mkopo. Usajili wa CQC huchukua muda, na watakuhoji wewe mwenyewe kama meneja, watakuuliza ukiona karatasi ya joto ina 11 utafanya nini. Sasa mnalo jibu. Andaeni kwanza nani atasoma nini, siku gani, na akikuta kasoro anamwambia nani, ndipo mwende dukani.

Na kwa wagonjwa, kwa sababu sote ni wagonjwa siku moja: kabla hujajiandikisha kliniki, tafuta ripoti yake kwenye tovuti ya CQC. Usiishie kwenye ukurasa wa kwanza. Angalia tarehe, kwa maana ripoti ya miaka sita iliyopita inakuambia habari za watu ambao huenda wameshahama. Halafu nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya uongozi. Wakisema wafanyakazi walikuwa wapole na mazingira safi, hiyo utaikuta karibu kila ripoti. Wakisema kasoro zilizoonekana siku ya ukaguzi zilirekebishwa ndani ya saa 48 na ushahidi ukatumwa, hao mimi ningewapa mdomo wangu bila wasiwasi kuliko wale wasiokutwa na kitu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimeleta nakala za fomu ya kukagua boksi la dharura kila wiki, yenye safu ya ziada niliyoongeza mimi, inayoandikwa "kasoro imepelekwa kwa nani, na lini." Zipo mezani karibu na sambusa, wa nyumba za wazee mnaweza kuibadilisha iwe ya kabati la dawa. Mwenye swali la hadharani anyooshe mkono sasa. Mwenye la siri, nitakuwa kwenye chai, na sitauliza unafanya kazi wapi.